Kompyuta ya Kwanza ya Ahti Kyllönen

…hii nayo bawaba zake zinacheza, hapana, mashine ya bawaba legevu haimalizi majira mawili ya baridi, na hilo Ahti Kyllönen alilijua kuliko mtu yeyote ndani ya duka hili, miaka thelathini na moja ameendesha mtambo wa kukata misonobari kuanzia Kajaani mpaka mpakani, akakifunga kifuniko taratibu, akasogea kwenye kompyuta mpakato iliyofuata mezani, akainua macho kutazama ubao wa namba za foleni juu ya kaunta, arobaini na nne, na yeye mkononi ana arobaini na saba, kikaratasi kimeshalowa jasho, tena ni namba yake ya tatu asubuhi hii, ya tatu!, maana mara mbili ameitwa, mara mbili amefika mbele ya yule muuzaji, Outi, jina liko kifuani, herufi nne, hizo hazimsumbui, na mara mbili mdomo wake mwenyewe ukamsaliti, “Naangalia tu,” na hapa Ufini ukishasema unaangalia tu basi umejimaliza, mtu anaitikia kwa kichwa na kukuacha kwa amani, hakuna atakayekufuata hata ukisimama hapo mpaka duka lifungwe, ukimtaka tena rudi mlangoni ukang'oe namba nyingine… haya, hii sasa, kifuniko kizito kidogo, vizuri, kinainuka kwa mkono mmoja bila kuburuta kitako, vizuri sana, akabonyeza katikati ya vitufe kwa dole gumba lake nene, bati lake halikubonyea, akaigeuza kifudifudi, Outi akamtupia jicho kutoka kule kisha akaendelea na mteja wake, skrubu zinaonekana, zote kumi, mashine inayoficha skrubu zake imetengenezwa na mtu asiyetaka uchungulie ndani, matundu ya kutolea joto yako ubavuni wala si chini, ukiiweka juu ya blanketi haitakosa pumzi, hii ndiyo, moyo wake ukamwambia, hii ndiyo yenyewe, na akajisikia fahari, kwa nini asijisikie, hakuna aliyemshika mkono… “Baba, ngoja Jumamosi nije nikuchagulie,” Riikka binti yake alimpigia jana kutoka Tampere, naye akamjibu, “Mimi nimechagua mitambo ya tani ishirini, nitashindwa na kitu cha kilo moja na nusu?” na Riikka akacheka, “Mtambo haukutaki usome maelezo, baba!” mzaha tu, mtoto hajui, hajawahi kujua, lakini Ahti alikwenda kukaa kwenye sauna mpaka mawe yakapoa… arobaini na tano.

Arobaini na tano, bado wawili, na bawaba zimeshapita mtihani, betri je, kumbukumbu je, hayo yote yameandikwa kwenye kikadi kilichosimama mbele ya kila mashine, herufi ndogo ndogo, na herufi hazijawahi kumtulia Ahti, zinahama, zinapishana, zinabadilishana viti kama watoto mwalimu akitoka darasani… mwalimu Piirainen, Mungu amrehemu, “Ahti, wewe una mikono, waachie wenzako vitabu,” darasa zima likaangua kicheko, na miaka arobaini na sita ameibeba sentensi ile bila kujua kama alisifiwa au alitukanwa, ila mikono kweli anayo, hata Jarkko mkuu wa chuo cha misitu alikuja mwenyewe mpaka jikoni kwake, akanywa kahawa vikombe vitatu, “Ahti, kwenye ule mtambo mkoa mzima wa Kainuu huna mpinzani, njoo ufundishe, makaratasi ni machache tu, ripoti moja ya kila mwanafunzi kila wiki,” machache tu!, wanafunzi wanane, na Ahti akatikisa kichwa kukubali kwa furaha kabla hajayafikiria hayo makaratasi, na Jarkko alipoondoka Sirkka akaweka kikombe chini akamtazama, Sirkka mkewe ndiye peke yake anayejua, ndiye aliyesoma kila barua iliyoingia nyumba ile, “Siku hizi kuna kompyuta zinakusomea kwa sauti, na ukisema zinaandika, nenda kaulize,” “Nitauliza,” “Utauliza kweli, mzee wangu, au utaangalia tu?” mwanamke yule anamjua mpaka anaudhi… lazima aulize, hakuna njia nyingine, Jumatatu ama anaingia chuoni na mashine inayosoma, ama anampigia Jarkko amdanganye kwamba mgongo umekataa, na akisema mgongo kazi ile haitarudi tena, atapewa mwingine, pengine yule Heikura anayelazimisha gia, atawafundisha watoto wa watu kulazimisha gia… neno moja tu, muulize, unamwogopa nini mwanamke wa watu, arobaini na sita, ubao umegeuka, Outi anamhudumia baba mmoja aliyeshika nyaya…

“Samahani bwana, naona wewe unazijua hizi laptopu,” sauti pembeni, Ahti akageuka, mama wa miaka sabini na ushei, kofia ya sufu, mabuti yanachuruzika maji ya theluji, “maana umeigeuza kama daktari, mimi ndiyo mara yangu ya kwanza, sijui naanzia wapi,” na Ahti, ambaye kwa kawaida maneno yake ya siku nzima yanaenea kwenye kikombe, akajisikia anaongea, “Anzia kwenye bawaba, mama, fungua, funga, ikilegea achana nayo hata ing'are vipi, halafu bonyeza hapa katikati, halafu tazama inapumulia wapi,” na mama akafungua, akafunga, akabonyeza, akatikisa kichwa kwa heshima, “Eh, kumbe!” na kifua cha Ahti kikajaa, anamfundisha mtu kompyuta, yeye!, laiti Riikka angekuwepo, “Basi nisomee na hiki kikadi,” mama akasema, “nimesahau miwani nyumbani,” na damu ikamwisha Ahti usoni, kwa sababu ile sentensi ni yake, ameisema benki, ameisema zahanati, ameisema siku ya kutia sahihi hati za nyumba, nimesahau miwani nyumbani, maneno yale yale na sauti ile ile ya kujitia hamnazo, na alipoinamisha macho akaiona miwani ya mama inaning'inia shingoni kwa kamba, juu ya koti, peupe kabisa… huenda ni usahaulifu wa uzee, huenda siyo, hilo si la kumuuliza mtu, lakini na yeye kumbe, siku ile benki, miwani yake si ilikuwa imechomoza mfukoni mwa shati, na yule dada wa benki si alimsomea hati yote kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa, bila hata kuuliza, Mungu wangu, aliiona, wote waliiona, miaka yote hiyo aliyodhani anawapiga chenga walikuwa wanajua na wananyamaza, wakamwacha kwa amani kama anavyoachwa mtu anayeangalia tu, wamemheshimu hivyo maisha yake yote, na kwa heshima hiyo hiyo hakuna hata mmoja aliyemsaidia, na uchungu ukamshika, kisha akamwona mama bado anasubiri, hajamwangalia usoni, anakitazama kikadi tu, na Ahti akaweka kidole chini ya neno la kwanza, hapa, katikati ya duka, mchana kweupe, “Be… betri,” akasema, “saa… kumi… na mbili,” na mstari wa pili ulianza na neno moja refu, yale maneno ya Kifini yaliyoungwa kama treni yenye mabehewa matano, akaliingia behewa moja moja, akarudi nyuma, jasho likamtoka mgongoni, mtu alipita akawaangalia, potelea mbali, akaendelea, “…dhamana… miaka mitatu,” na mama alisubiri mpaka behewa la mwisho, hakumsaidia wala hakumharakisha, “Miaka mitatu,” akarudia, “si haba. Asante, umenisomea vizuri.” Vizuri, amesema vizuri, hakuna mtu aliyewahi kumwambia Ahti Kyllönen kwamba amesoma vizuri tangu azaliwe, miaka hamsini na minane, na akataka kucheka na akataka kulia, akabaki amesimama vile vile mbele ya meza ile ile, kikaratasi mkononi, lakini kichwa chake kiko juu, ana mikono ndiyo, na ana mdomo pia, mwalimu Piirainen hakuuhesabu mdomo…

“Arobaini na saba!” Outi akaita, kisha akamwona, akatabasamu, “Wewe tena. Bado unaangalia tu?”

“Hapana,” Ahti akasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, watu wawili wakageuka. “Nimeshachagua hii, bawaba zake nzima. Sasa njoo unionyeshe inavyosoma kwa sauti, maana mimi kusoma kunanishinda.”

Nyuma yake alimsikia yule mama akisogea karibu, ili naye asikie.