Umeniachisha Kazi

Baba alichagua kulisema jambo lile kwenye foleni ya udon, zile tambi nene za ngano, na mpaka leo naamini alichagua kwa makusudi. Kwenye duka la Bi Hatsue watu hawagombani. Unaingia, unachukua trei, unataja madonge ya tambi unayotaka, unayachovya mwenyewe kwenye maji ya moto, unajimiminia mchuzi, unakula, unaondoka. Nyuma yako kuna watu wenye njaa. Mtu anayetaka kusema neno baya asijibiwe, hapati mahali pazuri kuliko hapo.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa pili, baridi ya kukata masikio. Nilikuwa nimekuja nyumbani kutoka Takamatsu, ninakofanya kazi kwenye duka la dawa, kwa sababu Bibi Kikuno, mama yake baba, alivunjika nyonga na alikuwa karibu kuruhusiwa hospitalini. Baba akasema twende tukale kwanza, mambo ya Bibi tutayazungumza tumeshiba. Mama alifurahi. Wiki nzima alikuwa kiwandani akimalizia glavu za gofu za watu wa Tokyo, na hakutaka kupika.

Mji wetu ni wa glavu. Mama alianza kushona pale kiwandani mwaka nilioingia shule ya msingi, na vidole vyake ndivyo vilivyonisomesha, kwa sababu mshahara wa Baba wa bandarini uliishia kwenye nyumba na kwenye samaki wake wa mapambo. Sasa Baba amestaafu. Mama bado.

Foleni ilianzia nje, chini ya bati. Tuliingia polepole, Baba mbele, Mama katikati, mimi nyuma. Mama alitaja donge moja, akapewa tambi zake kwenye bakuli, akazimimina kwenye kichungi chenye mpini na kukizamisha kwenye sufuria kubwa ya maji yanayochemka. Baba alikuwa ameshafika kwenye sahani za vitu vya kukaanga, anachagua kati ya ngisi na boga. Akasema bila kugeuka:

"Mama Chikage, Jumatatu usiamke mapema. Huendi kazini."

"Kuna sikukuu gani?"

"Nimeongea na Ogata jana. Nimemwambia unaacha. Mama yangu anatoka hospitalini Jumatano."

Ogata ndiye mwenye kiwanda.

Mama aliendelea kukitikisa kile kichungi ndani ya maji, juu, chini, juu, chini. Tambi za udon ukizichovya ni kwa muda wa kuvuta pumzi mara chache tu, zipate joto. Zake zilikaa humo mpaka mvuke ukamfunika uso.

Mzee mmoja nyuma yangu, mwenye viatu vya mpira vya shambani, alikohoa. "Mama, hizo zimeshaiva tangu jikoni. Utatulisha uji."

Watu wawili watatu wakacheka. Baba naye akacheka. Nilipomwona anacheka, damu ilinipanda kichwani hata nikasahau kuagiza.

Mama akakitoa kichungi, akamwomba radhi yule mzee kwa kuinamisha kichwa, akajimiminia mchuzi kutoka kwenye bomba, akaweka majani ya kitunguu na tangawizi. Akaenda kukaa kwenye meza ya dirishani, nasi tukamfuata. Baba alishika vijiti, akainama, akavuta tambi kwa sauti kubwa.

"Leo mchuzi umekaa sawa," akasema.

"Umeniachisha kazi," Mama akasema.

"Sijakuachisha. Nimekuombea upumzike. Umechoka, kila mtu anaona umechoka."

"Uliniuliza?"

"Ningekuuliza ungesema nini? Ungesema hapana, kisha ungesema ndiyo. Nimekufupishia."

"Baba," nikasema.

"Wewe kula. Hujachukua hata bakuli? Nenda kachukue."

Sikwenda. Mama alikuwa anamtazama usoni, na bakuli lake linatoa mvuke mbele yake bila kuguswa.

"Ogata alisemaje?" akauliza.

"Alishukuru kwa kumjulisha mapema."

Niliona hilo ndilo lililomwingia zaidi. Alifumba macho kidogo, kama mtu aliyechomwa na sindano ya cherehani, kisha akayafungua.

"Na wewe siku nzima unafanya nini, Baba Chikage?"

"Mimi?"

"Wewe. Ukishawalisha samaki wako asubuhi, unafanya nini mpaka usiku?"

Baba akaweka vijiti chini. "Mimi ni mwanamume. Nitamwogeshaje mama yangu? Yeye mwenyewe ataona aibu. Na majirani watasema nini, mkwe yupo, halafu mtoto wa kiume ndiye anayebadilisha mashuka?"

"Baba yako nilimwogesha mimi. Nilikuwa natoka kazini, namwogesha, namlisha, nafua, nalala, naamka, naenda kazini. Mpaka siku aliyokufa. Wewe ulikuja ukasimama mlangoni ukauliza kama amekula. Hujawahi kuingia chumba kile."

"Punguza sauti. Watu wanakula."

"Sauti yangu ipo chini."

Ilikuwa chini kweli. Ndiyo maana duka zima lilikuwa linaisikia. Wale waliokuwa wanavuta tambi zao kwa kelele sasa walikuwa wanazitafuna taratibu, macho kwenye bakuli. Yule mzee wa viatu vya mpira alikuwa meza ya pili na hakucheka tena. Bi Hatsue, mwenye duka, aliacha kukata unga uliokandwa akasimama na kisu mkononi.

"Wewe ni mke wa mtoto wa kwanza," Baba akasema. "Ulijua ulipoingia kwetu."

"Nilijua. Kwa hiyo sikusema sitamsaidia mama mkwe. Umenisikia nikisema? Ungeniuliza tungepanga. Kuna wasaidizi wa manispaa, kuna kituo anakokaa rafiki yake, kuna mimi jioni na wewe mchana. Lakini wewe umechukua simu, mwanamume na mwanamume mwenzake, mkaniuza kama baiskeli."

"Mama Chikage, unatia chumvi."

Mama alilivuta bakuli lake. Akala. Sijawahi kumwona mtu akila vile: tambi zimeshalainika kupita kiasi, zinakatika, naye anazibeba na kuzimeza bila kutafuna, kana kwamba kila moja ina jina. Alikunywa mchuzi wote, akapangusa mdomo. Kwa Bi Hatsue kila mtu hurudisha vyombo vyake kwenye dirisha la kuoshea, na tangu nikiwa mdogo Mama alirudisha vyake na vya Baba. Safari hii alibeba trei yake peke yake. Alipopita alichukua funguo za gari mezani.

"Chikage, twende."

"Mnakwenda wapi?" Baba akauliza. "Sijamaliza."

"Maliza," Mama akasema.

Bi Hatsue, bila kuinua macho kutoka kwenye unga, akamwambia Baba, "Ongeza donge jingine, bwana. Safari ya kwenu kwa miguu ni ndefu."

Ndani ya gari simu yangu ililia, Baba. Mama akasema nisipokee. Alikuwa anaendesha taratibu kuliko kawaida, mikono miwili kwenye usukani, na midomo yake ilikuwa inakwenda. Alikuwa anajisemea yale atakayoyasema.

Kiwanda hufanya kazi Jumamosi mpaka mchana. Ogata alitupokea mlangoni akiwa na ndara za ndani, akatabasamu, akaanza kumpongeza Mama kwa kazi ya miaka yote. Nyuma yake niliiona cherehani ya Mama. Msichana mgeni alikuwa ameketi kwenye mashine hiyo, na ule mto wa kiti alioushona Mama mwenyewe ulikuwa umewekwa sakafuni.

"Bwana Ogata," Mama akasema, "mama yangu alipokufa nilikupigia simu kuomba siku za kumzika. Uliniambia mambo kama hayo hayasemwi kwa simu, nije mwenyewe. Nikaja. Nimefiwa asubuhi, nikapanda basi nikaja kusimama hapahapa. Leo sauti ya mwanamume kwenye simu imetosha kuniondoa."

"Mume wako alisema mmekubaliana."

"Na mimi una namba yangu."

Ogata alitazama ndara zake. Akasema ni kutoelewana tu, akasema angepaswa kuuliza, akainama kiuno kizima mbele ya mafundi wote. Kwetu mtu akikuinamia hivyo nawe unainama, hata kama unamchukia. Mwili hujiinamia wenyewe. Mama alibaki wima. Cherehani zote zilikuwa zimesimama.

"Jumatatu nakuja," akasema. "Na huyu binti asihamishwe kwa ukali, hana kosa. Mtafutie mashine nyingine."

Kisha akaingia, akauokota mto wake, akaukung'uta vumbi, tukatoka.

Nilidhani hasira ingepungua baada ya hapo. Haikupungua. Baba alifika nyumbani jioni, pua nyekundu kwa upepo, amenuna, akasubiri chakula. Mama alipika cha watu wawili, yeye na mimi.

Bibi aliletwa Jumatano. Mama alikuwa kazini. Mimi niliomba ruhusa ya siku hiyo, si kwa kumsaidia Baba, ila nilitaka kumwona Bibi. Baba alimbeba kumwingiza bafuni, na Bibi akampiga kofi la bega.

"Mkeo yuko wapi?"

"Kazini."

"Na wewe umeshindwa hata kutafuta mtu? Unataka kunivua nguo wewe?"

"Nitafumba macho, Mama."

"Ukifumba macho utaniangusha, mjinga wewe. Yafumbue."

Nikasikia maji, kisha nikasikia Baba analia humo ndani, kilio cha kujikaza. Bibi alikuwa anamwambia asugue mgongo vizuri. Nilikaa kwenye ngazi na sikumwonea huruma. Nilimwonea Bibi.

Shangazi Fusae alipiga simu kutoka Osaka kumwambia Mama kwamba ukoo mzima unamshangaa. Mama akamwambia, "Treni zipo, wifi. Taulo zipo kabatini. Njoo," akakata.

Hakuja.

Baadaye Baba mwenyewe alikwenda manispaa, akapata mwanamke wa kuja kumwogesha Bibi, na siku nyingine Baba anamwogesha mwenyewe. Amejifunza kumgeuza asipate vidonda. Jioni Mama humlisha Bibi, na wao wawili husikika wakicheka kwenye chumba cha nyuma. Baba akiingia, wanaacha.

Hajaomba msamaha. Alinunua keki mara moja, ikakaa kwenye friji mpaka ikakauka.

Mwezi wa kumi nilipokuja tena, nilimkuta Mama kibarazani anapanga nguo za baridi. Nikamuuliza kama amemsamehe Baba.

"Bado sijamaliza," akasema.

"Hujamaliza nini?"

"Kukasirika. Miaka yote ile sikupata nafasi." Akalikunja sweta la Baba, akaliweka juu ya mengine. "Nikimaliza nitamwambia mwenyewe. Usinihimize."