Waya wa Shemeji

Miaka kumi na minane natengeneza redio za watu, na bado nyumbani kwangu fundi ni shemeji!

Wanangu walipewa mashine ya gemu isiyo na waya wa kupeleka picha na sauti kwenye televisheni. Nikawaambia nitautengeneza kesho, na kesho yangu ikazaa wiki tatu. Basi mdogo wake mke wangu akaja kututembelea, akakata waya wa redio mbovu, akauchomea plagi kwa risasi yangu ya kulehemu, juu ya meza yangu, na picha ikatokea kwenye televisheni. Mke wangu akapiga kigelegele. Mimi mara ya mwisho kunipigia kigelegele ilikuwa siku ya harusi.

Walipokwenda kula, niliifungua ile plagi nitafute kasoro. Risasi ilikaa kama tone la maji, inang'aa. Roho ikaniuma. Nikaukata waya mmoja mwembamba wa ndani, ule unaopitisha picha, nikafunga plagi, nikaenda kunawa mikono.

Baada ya chakula watoto waliwasha mashine: sauti ilisikika, picha hakuna.

"Baba, tutengenezee!" wanangu wakalia.

Nilijifanya kupima huku na kule, nikatia risasi, na picha ikarudi. Nikasimama kifua mbele kusubiri sifa zangu.

Watoto walinipita kama nguzo, wakamrukia yeye. "Mjomba! Waya wako umepona!"

Shemeji akaifungua plagi, akaichungulia kazi yangu, kisha akanipigapiga begani.

"Safi, shemeji," alisema. "Umeanza kuiva."