Hela Isiyo na Uzi

Gari la wagonjwa liliposimama kwenye kituo cha mafuta nje kidogo ya Ipyana, Nancy alipiga ukelele uliowanyamazisha wauza ndizi ng'ambo ya barabara. Mtoto wake wa tumboni alikuwa ametanguliza mkono badala ya kichwa. Kule zahanati muuguzi alikuwa peke yake zamuni, kwa hiyo aliyemshika Nancy mabega njia nzima ni mama yake, Damari, mfinyanzi wa kando ya ziwa, udongo ungali umemkaukia viwikoni.

"Toa ya dizeli, mama," alisema Eliud, dereva.

"Si walisema mzazi halipi?"

"Mzazi halipi. Gari linakunywa."

Damari akafungua fundo la khanga, akatoa noti tatu za elfu kumi, malipo ya vyungu alivyofinyanga mwezi mzima. Neema, msichana wa pampu, alikuwa ameshatia mafuta. Alizipokea, akazipapasa kwa kidole gumba, akainua moja juani. Akainua na ya pili.

"Mama, hizi si hela."

"Si hela? Ni nini basi?"

Neema akageuka. Alimtazama askari aliyekuwa kivulini akinywa soda. Askari akaja polepole, akaichukua noti.

"Umesoma mpaka la ngapi, mama?"

"La nne, afande."

"Basi nikufundishe. Hela ya nchi haichapwi kama kalenda ya kanisa. Karatasi yake ni ya pamba. Ina uzi ndani, ina sura inayojitokeza ukiimulika, maandishi yake ukiyapapasa yanakwaruza. Hii je?" Akaisugua kwa kidole kilicholowa jasho la chupa. Rangi ikahamia kidoleni. "Umezichapa wewe?"

"Nimepewa! Tajiri Ambrose alinunua vyungu vyangu vya kupambia hoteli yake. Watu waliona."

Neema akainamisha kichwa. Askari akaacha kutabasamu. Kituo kile kilikuwa cha Ambrose.

Naye Ambrose, aliposikia jina lake, akatoka ofisini akijifuta shingo kwa taulo. Damari alipomwona, akamwendea mbio.

"Ndaga, tata! Ahsante, baba! Waambie. Vile vyungu vya shingo ndefu, ulivipakia mwenyewe garini."

"Simjui huyu mama," Ambrose alimwambia askari. "Hawa ndio wanaoiangusha shilingi yetu."

"Mwanangu anakufa humo ndani, tata."

"Kila mhalifu akikamatwa huwa ana mgonjwa."

Eliud akakohoa. "Bosi, nimkimbize mzazi hospitali ya Kyela kwanza. Kesi ifuate."

"Kwa mafuta ya nani?"

Eliud akarudi nyuma hatua moja. Askari akamfunga Damari pingu, upande mmoja mkononi, mwingine kwenye nguzo ya kibanda. Ukelele mwingine ukatoka garini. Damari akajivuta kuuelekea mpaka chuma kikamchuna ngozi.

Ambrose akachomoa noti kwenye pochi, akampa askari. "Ya chai, afande. Umefanya kazi."

Mkono wa askari, labda kwa mazoea tu, ukaiinua noti juani. Ambrose akacheka.

"Usihangaike. Hiyo ya kwako ni nzima."

Askari naye akacheka, akaitia mfukoni.

Damari alilisikia neno lile likimwingia polepole, kama maji kwenye udongo mkavu. Akamgeukia Neema.

"Mwanangu, si umesikia alivyosema? Si umesikia?"

Neema alikuwa anafuta mdomo wa pampu, ingawa ulikuwa safi. "Mimi sijasikia kitu, mama."

"Eliud?"

Dereva alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nyonya mafuta yangu," Ambrose akamwamuru Neema.

Msichana akaleta mpira na kidumu kidogo, akapiga magoti kwenye tangi la gari la wagonjwa. Akavuta kwa mdomo, akakohoa, akatema, akavuta tena. Dizeli ikaanza kutiririka. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya dizeli au ya nini, hakuna aliyemuuliza. Wauza ndizi walikuwa wamevuka barabara. Walisimama, mikono kwenye vinywa, na hakuna aliyepita mbele ya mwenzake.

Ndani ya gari Nancy aliita, "Mama!" Damari akaitika kwa sauti yake yote. Akangoja aitwe tena. Hakuitwa.

Kidumu kikajaa. Neema akainuka, akatazama mlango wa gari.

Ambrose aliinama, akagonga tangi kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Bado yamo," alisema. "Lete kidumu kingine."