Nyasi Zilizopumzishwa

Wachezaji walimbatiza mume wangu jina la Majani, na likamkaa kuliko la kuzaliwa. Mtu wa kukata nyasi, kumwagilia nyasi, kuongea na nyasi. Asubuhi anasalimia uwanja kwanza, mimi baadaye, kama akikumbuka.

Tuliishi ndani ya bustani ya jiji, chumba cha nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo. Mimi nilifua jezi za timu na kuzianika kwenye uzio, yeye alitunza ule uwanja wa nyasi. Ng'ambo ya njia ya kukimbilia kulikuwa na uwanja wa pili, vumbi tupu, magoli hayana hata nyavu. Huko hakuna aliyetaka kwenda.

Basi ikaja habari kwamba halmashauri inataka maegesho ya magari, uwanja mmoja utakwenda, na kamati itakuja kukagua na kuchagua. Majani wala hakushtuka.

"Watachukua ule wa vumbi," alisema. "Nani mwenye akili zake atamwaga lami juu ya nyasi kama hizi?"

Siku hiyo hiyo akaufunga uwanja. Akazungusha kamba, akatundika kibao: NYASI ZIMEPUMZISHWA. Watunza viwanja hufanya hivyo kabla ya mechi kubwa, na kwake kamati ilikuwa mechi kubwa kuliko zote. Timu zikahamia vumbini. Kina mama wa mazoezi aliwaswaga kama kuku. Hata mimi, nilipokatiza na beseni langu la jezi, alinifokea mbele za watu.

"Baba watoto, waache watu wacheze," nikamwambia. "Hao wakubwa wakija wakute nini, nyasi peke yake?"

"Mama watoto, wewe fua jezi. Mambo ya uwanja niachie mwenyewe."

Haya, nikamwachia. Nilikuwa nimekasirika, lakini kubishana na Majani kuhusu nyasi ni kujichosha bure.

Na zilistawi, jamani, nisiwe mnafiki. Akachora mistari upya kwa kigari chake cha chokaa, akitembea peku kama kawaida yake, kwa sababu viatu vinaharibu. Alipomaliza alisimama golini akaangalia kazi yake, na nikamwona anafuta machozi. Hasira zikaniisha kidogo.

Kamati ilikuja jioni, saa za mazoezi. Mwenyekiti wao, mama mmoja mpole mwenye miwani, alivua viatu vyake kabla ya kuvuka kamba. Majani akanikonyeza. Tumeshinda!

"Mzee, hongera sana," yule mama akasema. "Na huu uwanja unatumika?"

Mume wangu akatoa kifua mbele. "Mheshimiwa, tangu mwezi uanze hakuna mguu uliokanyaga hapa!"

"Hakuna kabisa?"

"Hata wa paka."

Nikatupa beseni chini. "Mheshimiwa, msimsikilize! Watu wapo, amewafukuza yeye kwa ajili yenu! Wako kule!"

Wote wakageuka. Ng'ambo vumbi lilikuwa limetanda. Timu zetu zote zilikuwa huko, na kina mama wetu, na watazamaji wamefurika mpaka kwenye njia ya kukimbilia, wanashangilia goli.

"Tunawaona, mama," mwenyekiti akanijibu taratibu. "Ndiyo maana ule hatuugusi. Tukiwanyang'anya wale, si watatupiga mawe?"

Wenzake wakacheka. Majani naye akacheka, kwa heshima. Haki ya Mungu, alicheka. Alikuja kuelewa mwenyekiti alipokuwa anavaa viatu.

Akazikata zile kamba kwa meno. Akang'oa kibao, akakimbia mpaka ng'ambo akipunga mikono. "Njooni! Njooni mcheze, nimefungua!"

Hawakusimamisha hata mpira. Nahodha, kijana ambaye jezi yake nimeifua tangu inamfika magotini, akamjibu kwa sauti, "Mzee, si zimepumzishwa?" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wakati huo kamati ilikuwa imeshaingia kwenye gari.

Greda lilifanya kazi yake asubuhi moja tu. Sisi hawakutufukuza, na mimi ningeshukuru kufukuzwa. Walimpa ulinzi wa maegesho, na kwa kuwa mkono wake umenyooka, wakamwambia achore na mistari ya magari. Akakitoa kigari chake kile kile, wakakijaza rangi.

Nilimwona kupitia dirishani. Lami ilikuwa inachemka kwa jua, naye anatembea juu yake peku, polepole, mstari baada ya mstari.

"Baba watoto!" nikaita. "Vaa viatu, utaungua!"

"Vinaharibu," akasema, bila kuinua kichwa.

Sikumuuliza vinaharibu nini. Nilirudi kwenye beseni, nikaendelea kusugua jezi za vumbi.