Tope la Jomvu Kuu Lamtoa Chengo

Saa ya chai ya asubuhi, tingatinga lililokuwa likichimba tope kando ya hori la bahari la Jomvu Kuu lilimtoa Chengo. Dereva wa tingatinga, Bonface, alimweka chini taratibu, akazima injini, akaenda kumwita Munga.

Munga alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kuhifadhi mikoko. Alikuwa pia msimamizi wa vibarua waliokuwa wakiing'oa ili pajengwe yadi ya makontena. Kazi zote mbili zilikuwa mahali pamoja, kwa hiyo hakuchoka kutembea.

Chengo alikuwa kijana, ngozi imeiva kama chai ya rangi, shoka la kukatia boriti mkononi. Munga alimtambua kwa masikio, maana ukoo mzima ulikuwa nayo. Huyu alikuwa kaka wa babu yake, aliyezama topeni kabla ya Uhuru.

"Shikamoo, babu," alisema Munga, mwenye mvi.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umezeeka hivyo?"

Chengo alifungua kifuko chake, akatoa muhogo wa kuchemsha, akala. Haukuwa umechacha.

"Kule chini hakuna hewa," alieleza. "Hakiozi kitu. Majani ya tangu enzi na enzi yamelaliana kama godoro."

Nyumbani, Nyamvula, mkewe Munga, alimtengea mgeni maji ya kuoga. Kufikia adhuhuri Chengo alikuwa na mvi. Tope lililorundikwa juani lilikuwa limeanza kuoza, likinuka mayai viza, na kadiri lilivyooza ndivyo naye alivyozeeka. Nyamvula alimtafutia mkongojo.

"Nirudisheni," alisema Chengo. "Mnifunike, maji yapite juu. Na wenzangu walio kule chini msiwaguse."

Munga alikwenda kumwomba meneja wa yadi asimamishe uchimbaji. Alimtolea hotuba aliyozoea kuitoa kila siku ya mazingira: mikoko huvunja mawimbi, hulea kaa na kamba, na tope lake hufungia chini hewa ambayo ikitoka huzidisha joto la dunia. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, akakisifu Kiswahili chake, akampa kofia mpya ya kazi.

Munga alirudi ameivaa.

"Imekukaa," alisema Chengo. "Wamesemaje?"

"Watafikiria."

"Na wakifikiria, tingatinga linafanya nini?"

"Linachimba."

Chengo alicheka mpaka akakohoa.

"Mimi ndimi mwenyekiti wa mikoko, babu," alisema Munga. "Mikoko imekwisha, uenyekiti umebaki." Alicheka naye, kisha akaivua ile kofia.

Chengo alifariki wakati wa magharibi, mkono wake umo mkononi mwa Nyamvula, akiwa mzee kuliko mtu yeyote Jomvu. Walitaka kumrudisha topeni, lakini pale alipotolewa palikuwa pameshamwagwa kifusi na kushindiliwa. Kesho yake wakamzika nyuma ya kanisa, kwenye mchanga mkavu. Munga aliombwa aseme machache, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema machache.

Watu hawajatawanyika, Bonface akafika.

"Wametoka akina mama watatu," alisema, "na matenga yao ya kamba. Wanauliza maji yatajaa saa ngapi."

Nyamvula alikwenda kubandika maji. Munga alikwenda kukodi hema la matanga. Mwenye hema alimuuliza alitaka la siku ngapi. Munga aligeuka kutazama upande wa horini, ambako injini ilikuwa imewashwa tena, akasema alitaka la mwezi mzima.