Mhakiki wa Pili Ataka Vipimo

Baba yangu alipoleta makala yake kwenye jarida letu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kutoka nje. Ndivyo kanuni inavyosema: mhariri mwenye ndugu yake kwenye mswada hausomi, haugusi, hachagui wa kuuhakiki, na siku unapojadiliwa anakwenda kukaa kwenye benchi la koridoni. Kanuni hiyo niliiandika mimi mwenyewe, kwa maneno makali, nikimlenga mwenzetu mmoja aliyetaka kumpitisha shemeji yake. Sasa imenigeukia. Nikakaa kwenye benchi nimekunja uso, na Mhariri Mkuu akaufunga mlango taratibu, kwa heshima zote.

Mimi ni mhariri mtendaji. Mhariri Mkuu ndiye mwenye neno la mwisho. Mimi ndiye mwenye maneno mengine yote. Napokea miswada, nafuta majina ya waandishi ili wahakiki wasijue wanamsoma nani, nawakumbusha wahakiki wanaochelewa, na sina simile na mtu wa kuniambia "kesho". Watu wananiogopa kidogo, nami sijawahi kuwakataza.

Kwa Baba, hata hivyo, sina meno. Alifundisha elimu ya mimea maisha yake yote bila kuchapisha hata ukurasa mmoja. Alipostaafu akaanza kuchunguza majani yanayoota kwenye nyufa za kuta: ukuta wa nyuma ya jiko letu, ukuta wa shule aliyofundisha, ukuta wa posta ambako mlinzi alishamzoea. Aliandika kimyakimya. Hakutaka mtu ajue, hasa rafiki yake Kipimo.

Kipimo yeye ni mtafiti mstaafu, tena wa mimea hiyohiyo, na makala zake zimejaa rafu nzima. Jina la Kipimo lilimpata kwa sababu haamini kitu mpaka kipimwe. Mwambie jana mvua ilikuwa kubwa, mwambie chai ina sukari ya kutosha, atakujibu, "Nimekusikia. Sasa nipimie." Yeye na Baba wanacheza drafti kibarazani kwetu kila jioni tangu sijaanza shule. Na Baba alikuwa na hamu moja tu: siku moja aliweke jarida juu ya ubao wa drafti, aseme "fungua hapo," kisha amtazame mwenzake usoni.

"Usithubutu kumwambia," alinionya. "Nataka adondoshe kete."

Maoni ya wahakiki yakarudi. Baba akatusomea mezani, mimi na Mama, miwani ikiwa imemshuka puani. Mhakiki wa kwanza alikuwa amesifu kwa mistari michache, kama mtu aliyesoma kichwa cha habari akashiba. Mhakiki wa pili alikuwa ameandika kurasa na kurasa.

"Sikilizeni haya. 'Mwandishi anaonekana ni kijana mwenye macho mazuri, ila ana papara.' Kijana. Mimi."

"Shukuru," Mama akamwambia. "Mimi sijakuita hivyo siku nyingi."

"Ngoja. 'Anadai kwamba nyufa nyembamba zina majani mengi kuliko nyufa pana. Nimemsikia. Sasa anipimie.'"

Kijiko changu kikasimama njiani. Nikamtazama Mama, alikuwa akimimina chai bila habari. Nikamtazama Baba, alikuwa amefura. Maneno yale ameyasikia jioni nyingi mno, hata masikio yake yameacha kuyashughulikia. Nikameza chakula bila kutafuna.

"Mwanangu," akasema Baba, "huyu mtu ni nani?"

"Sijaambiwa, Baba. Na hata ningeambiwa nisingesema."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Mswada ule ulikuwa mikononi mwa Mhariri Mkuu peke yake, na yeye, akitafuta mjuzi wa majani ya ukutani, angempata nani mwingine? Lakini kujua jambo bila kuambiwa ni mateso, hasa kwa mtu wa domo kama mimi.

Siku kadhaa Baba alimsema vibaya mhakiki wa pili. Mtu gani anapima ufa? Ana roho mbaya, hana kazi, mkewe amemkimbia. Kisha asubuhi moja akachukua futi ya nguo kwenye kikapu cha Mama cha kushonea, akachukua ngazi, akatokomea. Alirudi ana vumbi mpaka kwenye kope, anacheka peke yake.

"Amenikamata," akaniambia. "Nyufa nyembamba kupita kiasi hazina kitu kabisa. Jani linataka ufa wenye upana wa wastani. Nimezitazama kuta hizi miaka yote na sikuliona hilo. Huyu mtu, mwanangu, amenisoma mpaka nukta ya mwisho."

Tangu siku hiyo alimpenda mhakiki wa pili kuliko alivyokuwa amemchukia. Alipima ukuta wa posta upya kwa ajili yake. Kila jibu aliloandika alilisoma kwa sauti, akajiuliza kama "yule bwana" ataridhika.

Ndipo Kipimo akamkuta. Siku hiyo aliwahi kuja, akazunguka nyuma ya nyumba, akamwona Baba juu ya ngazi, futi mkononi, pua karibu na ufa.

"Nakarabati ukuta," Baba akasema upesi.

Kipimo akaitazama futi. Akalitazama jani. Akautazama ufa. "Nimekumbuka nimeacha kitu nyumbani," akasema, akaondoka bila hata kugusa ubao.

Kesho yake alifika ofisini kwetu amevaa tai.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nina jambo linanikera roho. Kuna mswada mmoja..."

"Usiniambie mimi." Nikaziba masikio kwa mikono yote miwili, ofisi nzima ikitazama. "Mlango wa Mhariri Mkuu ni ule pale."

Akaingia. Nikaenda kukaa kwenye benchi langu kwa hiari yangu. Mhakiki akimtambua mwandishi ambaye ni mtu wake wa karibu, lazima aseme, na akisema, lazima ajiondoe. Kanuni hiyo pia niliiandika mimi. Wakati ule nilikuwa naandika sana.

Taarifa ikamfikia Baba: mhakiki wa pili amejiondoa, maoni yake yanabaki, atatafutwa mwingine. Wiki hiyohiyo Kipimo akaacha kuja. Alituma salamu kwamba mguu unamuuma. Mimi nilijua kinachomuuma: alikuwa akikumbuka kila neno kali aliloliandika. Baba yeye hakujua kitu. Alikuwa amempoteza mhasimu wake mpenzi na rafiki yake wa drafti kwa mpigo, wala hakujua kwamba ni mtu mmoja.

"Nimempimia kuta zote zile," akasema kibarazani, "halafu ameondoka. Nani atazisoma?"

"Atakuja mwingine, Baba."

"Simtaki mwingine. Na Kipimo naye sijui nimemkosea nini." Akazikusanya kete, akazitia kwenye kopo lake na kulifunga. "Makala naitoa. Kesho mwambie mkubwa wako."

Niliumia sana. Mimi mwenye maneno yote nikaishia kumbebea kopo lake ndani.

Mhariri Mkuu ni mama mpole, anasema polepole, na hajawahi kupaza sauti tangu nimjue. Nilipomfikishia ujumbe, akavua miwani.

"Wewe huna mkono kwenye mswada huu."

"Sina."

"Basi tusiuzungumzie. Tuzungumzie drafti. Kuna kanuni yetu inayomkataza mtu aliyejiondoa kwenye uhakiki kucheza drafti?"

"Hakuna, mama. Zote nimeziandika mimi."

"Kumshikia mwenzake ngazi?"

"Hakuna."

"Asiseme tu kwamba alikuwa nani. Mengine ni ujirani." Akavaa miwani yake, akarudi kwenye kazi. "Na makala haijatolewa mpaka mwandishi aniandikie mwenyewe."

Nikampigia Kipimo simu palepale koridoni.

"Baba mdogo, mguu vipi?"

"Unauma sana, mwanangu."

"Nimekusikia. Sasa nipimie."

Nikasikia kicheko kidogo, cha mtu aliyekamatwa.

Jioni hiyo alikuja na futi yake ya chuma kiunoni. Baba alikuwa amekaa bila kazi. Kipimo hakusalimia vizuri, hakukaa. "Ile futi ya shemeji ni ya nguo, inavutika," akasema. "Twende nyuma. Nimekuja kukushikia ngazi."

"Nani amekwambia napima?"

"Ulikuwa unakarabati kwa futi?"

Baba akanyanyuka shingo upande. Nikawafuata mpaka mlango wa jiko, Mama akaja kusimama nyuma yangu. Baba akapanda, Kipimo akashika ngazi.

"Huu hapa ni mwembamba mno," Baba akasema kutoka juu.

"Nimekusikia," akajibu Kipimo kutoka chini. "Sasa nipimie."

Mkono wa Baba ukasimama ukutani. Kisha akageuka polepole, akamtazama yule mzee aliyeinamia ngazi, akamtazama kwa muda mrefu. Nilimwona akikasirika, nikamwona akiona haya, nikaona pembe za mdomo wake zikianza kumsaliti.

"Shika ngazi vizuri, kijana," Baba akasema.

Kipimo hakuinua uso, ila mabega yake yakaanza kutikisika, na ngazi ikatikisika pamoja nayo, na Mama akawaambia kwamba wakivunjika yeye hamuuguzi mtu. Hawakulisema tena jambo lile. Walipima mpaka mwanga ukaisha.

Mhakiki mpya, wa mbali, hakuwa na la kupinga. Siku ya uamuzi nilikaa kwenye benchi nikitafuna kofia ya kalamu. Mlango ukafunguliwa.

"Imekubaliwa," akasema Mhariri Mkuu. "Mjulishe mwandishi. Hiyo kazi sasa ni yako."

Mimi, ninayeogopwa, nilipita koridoni nikirukaruka kama mtoto aliyefunga shule, na wala sijali nani aliniona.

Jarida lilipotoka kiwandani, Baba aliliweka juu ya ubao katikati ya mchezo, akizivuruga kete alizokuwa anakaribia kufungwa nazo.

"Fungua hapo."

Kipimo akafungua, kete moja bado mkononi. Makala yenyewe aliijua. Akaipitia harakaharaka kwa heshima ya mwenyeji, mpaka akafika mwisho, kwenye shukrani. Hapo akatulia. Nikachungulia juu ya bega lake. Palikuwa pameandikwa: *Mwandishi anamshukuru mhakiki wa pili, ambaye hamjui kabisa. Mhakiki alimsikia, naye mwandishi amempimia.*

Kipimo akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akasoma tena. Kete ikamponyoka, ikagonga sakafu, ikabiringika chini ya kiti.

Baba akaegemea nyuma. "Mwanangu," akaniita, bila kuondoa macho usoni mwa rafiki yake, "umeiona hiyo kete?"

"Nimeiona, Baba."