Mkasi Mfukoni mwa Shangazi

Mtaani waliniita Sabuni, maana nilipokuwa na miaka tisa uso wangu ulibandikwa kwenye kila duka lililouza sabuni. Chekeni tu. Mimi nikitumwa chumvi nilisimama makusudi chini ya picha yangu, watu walinganishe.

Siku zile zilikuwa tamu, sitaki mtu aniambie vingine. Studio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi za nyumba. Shangazi alipanda nyuma yangu akihema na kuzilaumu ngazi moja moja. Alikuwa mlezi wangu, tena ndiye mshonaji wa studio. Nguo za matangazo huja kubwa, na wengine huzibana mgongoni kwa vibanio. Shangazi alisema vibanio ni uvivu. Alinivalisha, akanishona nikiwa nimesimama, uzi mara mbili, kutoka shingoni hadi kiunoni. "Tulia wewe, nikikuchoma usinililie." Kisha mkasi uliingia mfukoni mwake, na bila yeye nguo ilikuwa haivuliki.

Siku moja akaja bosi wa kampuni ya matangazo. Alinitaka kwa tangazo la televisheni: ndege, hoteli, mwezi mzima. Moyo wangu ulitaka kupasuka kwa furaha. Shangazi aliposhuka chini kupiga pasi, bosi akafunga mlango. Akaniambia nivue nivae gauni jingine, ajaribu mwanga, na mambo ya kazi hayasimuliwi nyumbani. Nilijivuta, nikajipinda, wapi! Ndipo yule mtu, na ujanja wake wote, akafungua mlango akaita ngazini: "Mama, tuletee mkasi."

Shangazi alipanda safari hiyo bila kuhema.

"Mkasi wa nini?"

"Mtoto anabadili nguo."

"Mbele ya nani?"

Bosi akacheka. "Mama, hii ndiyo kazi yenyewe. Kwani hutaki mtoto afike mbali?"

"Nataka. Lakini afike mzima."

Akanishika mkono, tukashuka nikiwa na gauni lao mwilini. Nililia njia nzima, na nilimng'ata, Mungu anisamehe. Kesho yake gauni lilirudishwa, na studio haikutuita tena. Bango la sabuni lilipauka, likachanika, na mimi nikarudi kuwa mtoto kama watoto wengine.

Nilimnunia shangazi miaka. Hata nilipokuwa mkubwa niliwaambia watu kwamba wivu wa mzee mmoja ulinizibia riziki. Alinisikia, akaendelea kushona. Amekufa sijamwomba radhi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mwaka jana nilikaa kwenye foleni ya hospitali na mwanamke wa rika langu. Nikamjua kwa macho: ndiye aliyechukua nafasi yangu kwenye lile tangazo, niliyemwonea kijicho utoto wangu wote. Nikajitambulisha. Tukacheka sana, tukakumbuka taa zilivyochoma na jinsi tulivyojiona malkia.

Kisha akaniuliza polepole, "Wewe ulikuwa unaenda na nani?"

"Na shangazi."

"Alikuwa anaingia ndani?"

"Kila mara."

Akakunja cheti chake cha hospitali, akakikunja tena. "Mama yangu walimwambia asubiri chini. Akasubiri, maskini. Alikuwa na adabu."

Namba yangu ikaitwa. Nilikuwa nimemshika mkono, nikaiacha ipite.